Teknohama na Faragha Yako: Somo Kutoka Columbus

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuongelee jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila siku bila kulifikiria: habari zetu binafsi ziko wapi, nani anazishika, na anazifanyia nini.

Sisi tunaoishi hapa Clintonville, kaskazini kidogo ya chuo, tumekuja Columbus kusoma. Tangu wiki ya kwanza tumejaza fomu. Fomu za chuo, za nyumba, za benki, za simu, za kliniki, za leseni ya udereva. Kila fomu inataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anuani na namba ya pasipoti. Tunajaza, tunasaini, tunasahau. Tatizo ni kwamba kompyuta iliyopokea ile fomu yenyewe haisahau.

Makala hii inaeleza kwa lugha nyepesi jinsi teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani teknohama, ilivyobadilisha faragha ya mtu. Tutatumia mkasa uliolikumba jiji hili hili mwaka 2024, tutaangalia hali ya mwanafunzi wa kigeni, tutapita kidogo nyumbani Afrika Mashariki, na mwisho tutaorodhesha hatua ambazo kila mmoja wetu anaweza kuzichukua wiki hii hii bila kulipa hata senti.

Faragha maana yake nini?

Ukianza kuongelea faragha, hakosekani mtu wa kusema: "Aa, mimi sina cha kuficha." Hebu tumjibu kwa mfano wa kwetu. Nyumbani mtu akifika mlangoni anapiga hodi, tena mara tatu, na asipojibiwa karibu anaondoka zake. Mwenye nyumba hajaficha maiti ndani. Anachotaka ni yeye mwenyewe aamue nani aingie, saa ngapi, na kama ataishia barazani au atafika mpaka jikoni.

Faragha ya habari ni hivyo hivyo. Daktari ajue ugonjwa wako, kwa sababu anakutibu. Mwenye nyumba ajue kama unalipa kodi ya pango kwa wakati. Chuo kijue maksi zako. Lakini mwenye nyumba akianza kujua ugonjwa wako, na mwajiri akijua ulichomwandikia rafiki yako usiku wa manane, hapo mtu kaingia ndani bila hodi. Kila habari ilikuwa halali mahali pake. Kosa ni kuhamishwa bila wewe kuulizwa.

Wala hili si jambo la Wazungu peke yao. Katiba ya Tanzania inalilinda kwenye ibara ya 16, ya Kenya kwenye ibara ya 31, na ya Uganda kwenye ibara ya 27.

Mambo matatu ambayo kompyuta imeyabadilisha

Zamani ukienda ofisi ya kata, habari zako ziliandikwa kwenye daftari. Daftari lilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mzee mmoja. Aliyetaka kujua habari zako ilibidi afunge safari, amwone yule mzee na amweleze shida yake, na huenda mzee mwenyewe alimjua baba yako. Kilichobaki kilimalizwa na mchwa na mvua. Yaani umbali, uzito wa makaratasi na hata uzembe wa ofisi vilikuwa vinatulinda bila sisi kujua. Teknohama imeondoa kinga hiyo kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kunakili. Mwizi akiiba kuku, asubuhi unakuta banda tupu. Mwizi akinakili faili, faili bado lipo pale pale. Mwenye ofisi anaweza kukaa wiki au miezi bila kujua kwamba nakala iko nchi nyingine.

Ya pili ni kudumu. Kuhifadhi data siku hizi ni rahisi mno, kiasi kwamba kufuta ndiyo kazi. Kwa hiyo ofisi nyingi hazifuti. Ulichoandika ukiwa na miaka kumi na tisa kinakusubiri ukiwa na arobaini.

Ya tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuunganisha. Kipande kimoja cha habari hakina uzito sana. Lakini jina na tarehe ya kuzaliwa vinatosha kuliunganisha faili la chuo na la mahakama, na la mahakama na la uhamiaji. Kazi iliyohitaji makarani mia na mwaka mzima sasa inafanywa na watu wachache kwa muda mfupi.

Haya matatu tuyashike, maana mifano yote inayofuata inazunguka hapo.

Yaliyotokea Columbus mwaka 2024

Tarehe 18 Julai 2024 Jiji la Columbus liligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye mitambo yake ya kompyuta. Jiji likakata mawasiliano kati ya mitambo hiyo na intaneti, na huduma kadhaa zikasimama kwa muda. Waliohusika walijitangaza wenyewe: kundi linaloitwa Rhysida, lile lile lililoishambulia Maktaba ya Uingereza mjini London mwezi Oktoba 2023. Kazi ya kundi hili ni kuteka data na kudai fidia.

Rhysida walidai wamechukua terabaiti 6.5 za data za jiji, wakazitia kwenye mnada na kutaka bitcoin 30. Mnunuzi hakupatikana. Mwanzoni mwa Agosti wakamwaga hadharani karibu nusu ya mzigo, kama terabaiti 3, kwenye ule mtandao wa giza ambako mtu yeyote mwenye programu inayofaa anaweza kujichotea.

Tarehe 13 Agosti Meya Andrew Ginther aliwaambia wananchi kwamba data zilizochukuliwa zilikuwa zimefungwa kwa msimbo au zimeharibika, hivyo hazina faida kwa wezi. Watu wakapumua. Lakini mtaalamu mmoja wa usalama wa mitandao, anayejulikana kwa jina la Connor Goodwolf, akawaonyesha waandishi wa habari kwamba mambo hayako hivyo. Mafaili yalifunguka na yalisomeka. Ndani yake zilikuwamo habari kutoka ofisi ya waendesha mashitaka wa jiji, zikiwa na majina ya waathirika wa makosa ya jinai, pamoja na wale wa ukatili wa majumbani. Yalikuwamo pia majina ya watu waliotembelea tu majengo ya jiji na kuskaniwa vitambulisho mapokezini.

Jiji lilifanya nini? Mwishoni mwa Agosti lilimshitaki Goodwolf, na mahakama ikampa amri ya muda ya kumzuia asisambaze data hizo. Wataalamu wengi wa usalama wa mitandao walilalamika kwamba aliyepiga yowe ndiye anayekamatwa badala ya mwizi. Kesi hiyo iliisha kwa makubaliano mwezi Novemba 2024. Mwezi huo huo ikajulikana, kupitia taarifa ambayo jiji lilitakiwa kisheria kuiwasilisha katika jimbo la Maine, kwamba walioguswa ni watu wapatao 500,000. Jiji lenyewe lina wakazi zaidi ya 900,000 tu. Orodha ya habari ilikuwa majina, tarehe za kuzaliwa, anuani, habari za benki, leseni za udereva na namba za Social Security.

Tujiulize, hao watu walikosea wapi? Mama aliyekwenda kushitaki kwamba mumewe anampiga alifanya jambo sahihi. Mgeni aliyetoa leseni mapokezini alifuata utaratibu. Hakuna hata mmoja aliyebofya kiungo cha ajabu wala kutumia neno la siri jepesi. Walitoa habari mahali halali, kwa sababu halali, na bado zikaishia sokoni. Na ubaya wake ni kwamba neno la siri likivuja unalibadilisha, lakini tarehe ya kuzaliwa utaibadilishaje?

Somo la kwanza basi ni hili: anayeshika habari zako anaweza kuzipoteza, na akizipoteza si lazima awe wa kwanza kukwambia ukweli wote. Huenda hakusudii kudanganya, huenda na yeye hajui. Kwa vyovyote vile, ukisubiri barua yake ndipo ujilinde, umechelewa.

Wenzetu wa Louisville na Buffalo wasidhani haya ni ya Columbus peke yake. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax, inayotunza historia za mikopo ya Wamarekani, iliibiwa habari za watu wapatao milioni 147. Wengi wao hawakuwahi kuandikiana barua na Equifax hata siku moja. Benki zao ndizo zilizopeleka habari huko.

Mwanafunzi wa kigeni na mafaili yanayoongea

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 ana faili moja ambalo mwenzake Mmarekani hana. Linaitwa SEVIS. Mfumo huu ulianza kutumika mwaka 2003, na humo chuo kinaiarifu serikali kama umejiandikisha, unasoma masomo mangapi, umebadilisha fani, na unakaa wapi. Ukihama kutoka High Street kwenda Indianola una siku 10 kutoa taarifa. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 inayolinda rekodi za wanafunzi, FERPA, lakini ukiisoma vizuri ile karatasi ya I-20 uliyosaini utaona umekiruhusu chuo kutoa habari zinazohitajika kuhusu hali yako ya uhamiaji. Hili si siri na si geni. Kwa miaka mingi wengi waliliona kama makaratasi tu.

Mwaka 2025 likaacha kuwa makaratasi. Kati ya Machi na Aprili wanafunzi wa kigeni kwa maelfu, nchi nzima, walikuta rekodi zao za SEVIS zimefungwa, wengine bila taarifa yoyote. Kesi zikafunguliwa katika mahakama nyingi za shirikisho. Huko mahakamani maofisa wa serikali walieleza utaratibu uliotumika: majina ya wanafunzi wapatao milioni 1.3 yalipitishwa kwenye hifadhidata ya makosa ya jinai inayoendeshwa na FBI, na majina 6,400 hivi yakaonekana yana mlingano. Ndani ya hao walikuwamo watu ambao kesi zao zilishafutwa, na wengine ambao walichokuwa nacho ni makosa ya barabarani. Baada ya majaji wengi kutoa amri za kuzuia, serikali ilitangaza tarehe 25 Aprili 2025 kwamba inarudisha rekodi hizo wakati inaandaa sera mpya.

Ndugu msomaji, mimi sitaki kuingia kwenye siasa za uhamiaji katika ukurasa huu. Nataka uone ufundi wake. Askari wa barabarani aliyeandika tiketi miaka minne iliyopita hakuwa anaandikia uhamiaji. Chuo kilichojaza SEVIS hakikuwa kinaandikia polisi. Ni mafaili mawili yaliyokaa mbalimbali kwa miaka, kila moja na kazi yake, mpaka siku mtu alipoamua yaongee. Yakishaongea, hakuna karani aliyekaa na faili moja moja na kuuliza: huyu alifanya nini hasa? Hiyo ndiyo nguvu ya kuunganisha, na hiyo ndiyo hatari yake.

Viza nayo imebadilika. Tangu mwaka 2019 fomu ya maombi ya viza inauliza majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Mwezi Juni 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaenda mbele zaidi, ikawataka waombaji wa viza za masomo na za kubadilishana waweke kurasa zao wazi kwa umma. Mdogo wako aliyeko Moshi au Kisumu anayetaka kuja kusoma, yale anayoandika leo na utani anaowatania rafiki zake vinaweza kusomwa na ofisa asiyejua utani wa Mchaga na Mpare.

Kuna pia simu yako mpakani. Maofisa wa forodha wa Marekani wanaweza kupekua simu na kompyuta za wanaoingia nchini bila hati ya hakimu. Tusitishane: mwaka wa fedha 2024 walipekua vifaa 47,047, ambayo ni kama msafiri mmoja kati ya kila 10,000. Lakini ni vizuri ujue kabla ya kupanda ndege, usije ukajulia kwenye foleni.

Simu ya mfukoni na kamera ya mlangoni

Tushuke sasa kwenye maisha ya kila siku. Programu nyingi za simu zinaomba kujua mahali ulipo. Nyingine zina sababu, kama ramani au ya basi la COTA. Nyingine hazina sababu ila biashara. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Muslim Pro, programu inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu kujua nyakati za sala na upande wa kibla, ilikuwa inapeleka habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo iliuza habari za aina hiyo kwa wakandarasi, na kupitia kwao zikafika kwa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Mwezi Januari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaipiga marufuku kampuni iliyorithi X-Mode kuuza habari za maeneo nyeti. Fikiria mtu anayetafuta kibla. Aliomba mwelekeo wa Makka, akatoa ratiba ya maisha yake: anapolala, anaposwali, anapotibiwa.

Tembea jioni kwenye mitaa yetu, kutoka High Street mpaka karibu na Whetstone Park, hesabu kengele zenye kamera kwenye milango. Majirani wameziweka kwa ajili ya wezi wa vifurushi, na hawana ubaya. Lakini picha hazibaki mlangoni, zinakwenda kwenye seva za kampuni. Mwaka 2023 Tume hiyo hiyo ya Biashara iliibana kampuni ya Ring, inayomilikiwa na Amazon tangu 2018, ikilipisha dola milioni 5.8 kwa madai kwamba wafanyakazi wake waliweza kuangalia video za faragha za wateja. Nyingine zilikuwa za vyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi tunashangaa tukilijua. Hapa Ohio rekodi nyingi za serikali ziko wazi kwa umma. Tovuti ya karani wa Mahakama ya Manispaa ya Kaunti ya Franklin inamruhusu mtu yeyote kutafuta kesi kwa jina, pamoja na tiketi za barabarani na kesi za kufukuzwa kwenye nyumba. Mwenye nyumba anaweza kukuangalia kabla hujamaliza kupanda ngazi kuja kuona chumba. Uwazi huu una faida, maana mahakama isiyojificha ni vigumu kuonea watu. Lakini una bei yake. Kesi iliyofunguliwa kimakosa na kufutwa bado jina lake linaweza kuonekana. Kwa hiyo kama una kesi ndogo usiipuuze eti ni dola sabini tu. Muone mwanasheria, uliza namna ya kuimaliza, na uliza kama rekodi inaweza kufungwa.

Na nyumbani je?

Tusijidanganye kwamba haya ni ya ughaibuni. Tanzania iliweka tarehe 20 Januari 2020 kuwa mwisho wa kutumia laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole. Kenya mwaka 2019 ilikusanya alama za mamilioni ya watu kwa ajili ya Huduma Namba, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema uzinduzi wa kadi zake ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu haikufanyika kwanza tathmini ya athari kwa faragha za watu. Mwaka 2023 Wakenya wakapanga foleni pale KICC Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za kidijiti zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe.

Mnaona tofauti? Nyumbani sheria zipo. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Marekani, pamoja na ukubwa wake, haina sheria moja ya shirikisho inayolinda data zote za mtu. Ina sheria ya hospitali, ya shule, ya benki, kila moja na lake.

Na sheria zetu zimeanza kuuma. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data wa Kenya ilitoza faini tatu zilizowafundisha wengi. Shule ya Roma ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mgahawa wa Casa Vera ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa anastarehe, bila idhini yake. Na kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za simu za watu walizozipata kwa wengine, kisha kuwasumbua. Mliowahi kupigiwa simu na mtu msiyemjua akidai deni la binamu yenu mnaelewa ninachosema.

Tufanye nini?

Habari zilizokwisha kutoka hazirudi. Lakini tunaweza kupunguza zinazotoka, na kupunguza madhara ya zilizotoka. Hatua hizi zinahitaji jioni moja tu.

Kwanza, funga historia yako ya mikopo. Kama una namba ya Social Security, ingia kwenye tovuti za Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, uweke zuio. Tangu Septemba 2018 ni bure kwa mujibu wa sheria. Mtu akichukua jina lako akaenda kufungua kadi ya mkopo, kampuni itakataa kwa sababu haiwezi kuona historia. Wewe ukitaka kukopa au kupanga nyumba, unafungua kwa muda halafu unafunga tena.

Pili, weka ulinzi wa hatua mbili kwenye barua pepe yako kabla ya kitu kingine. Barua pepe ndiyo mama wa funguo zote, kwa sababu ndiyo inayopokea maombi ya kubadilisha maneno ya siri.

Tatu, angalia namba yako ya nyumbani. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kuifunga na kuiuza upya. Kama ndiyo iliyofungwa kwenye M-Pesa, benki na WhatsApp yako, atakayeinunua atapokea ujumbe wako. Iweke hai, au ihamishe kila huduma.

Nne, fungua mpangilio wa simu, tazama ni programu zipi zinajua ulipo, uzinyime zisizo na sababu. Inachukua dakika tano.

Tano, kabla ya kumtumia mtu picha ya pasipoti, uliza maswali matatu: unaihitaji kwa nini, nani mwingine ataiona, na utaifuta lini? Mara nyingi utaambiwa, "Basi, njoo nayo tu tuitazame." Ukilazimika kuituma, andika juu ya picha jina la anayepokea na tarehe, ili ikivuja ijulikane ilitokea kwa nani.

Sita, jihadhari na simu za matapeli. Kwa sababu ya data zilizovuja, tapeli anaweza kukutajia jina lako la tatu, anuani yako na chuo chako, halafu akajiita ofisa wa uhamiaji. Kujua habari zako si ushahidi kwamba ni ofisa. Ofisi za serikali hazidai malipo kwa kadi za zawadi. Kata simu, kisha uipigie ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa namba unayoijua wewe mwenyewe.

Saba, kwenye fomu za serikali usidanganye. Kuficha ukurasa wa mtandao ulioulizwa ni kosa linaloweza kukuharibia kila kitu. Dawa yake ni kuwa makini na unachoandika kabla, na ukiwa na wasiwasi umuone mwanasheria.

Na sisi kama jumuiya

Nimalize na jambo lililo mikononi mwetu kabisa. Jumuiya yetu nayo inashika habari za watu. Kuna orodha ya wanachama yenye majina, simu na barua pepe. Kuna picha za sherehe. Kuna kundi la WhatsApp ambalo ujumbe wake umefungwa usisomwe njiani, lakini mwanachama yeyote anaweza kupiga picha ya skrini na kuituma Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na sisi kata zetu ni nyingi.

Napendekeza kwa kamati mambo manne. Orodha ya wanachama isiulize nchi ya uraia, aina ya viza wala dini, maana kwa kuandaa pilau na mechi ya mpira havihitajiki. Nakala ya orodha ikae kwa katibu peke yake, na majina ya waliohitimu yafutwe kila mwisho wa mwaka, isipokuwa mwenyewe akiomba abaki. Picha ya mtu isiwekwe hadharani kabla hajaulizwa, hasa dada zetu na watoto. Na mwenzetu akipata tatizo la viza, habari zake zisijadiliwe kundini. Wateuliwe watu wawili wa kumsaidia, basi.

Huwezi kuizuia Rhysida ukiwa umekaa chumbani Clintonville. Lakini habari ambayo hukuikusanya haiwezi kuibiwa kwako. Kamati inakutana mwanzoni mwa muhula. Mwenye maoni ayalete, na mwenye laptopu aje nayo: baada ya kikao tutakaa pamoja tuweke yale mazuio matatu ya mikopo, kila mtu kwenye skrini yake mwenyewe.